Kitufe cha Kelele, Ukuta wa Mabati

Ingia saiba yoyote kando ya Naivasha Road, Kawangware, uitazame kibodi kabla ya kutazama skrini. Herufi zilizofutika zitakueleza kazi inayofanyika pale. Kwenye mashine ya wanaoandika barua za kuomba kazi, A ndiyo hutangulia kupotea, kwa kuwa hakuna herufi ambayo Kiswahili huitumia zaidi kuliko hiyo. I na N hufuata, na kile kitufe kirefu cha nafasi hung'aa upande mmoja tu, pale kinapotua kidole gumba. Kwenye mashine ya pembeni, ile ambayo vijana huigombania Jumamosi, W, A, S na D zimebaki plastiki tupu ilhali P na M zinasomeka kama zilivyotoka kiwandani.

Vitufe hivyo vina historia ndefu kuliko saiba yenyewe, na naisimulia kwa sababu kuna jambo ndani yake ambalo halijaniacha. Kijana wa Gatina au wa Kabiro akitafuta kibodi ya kuchezea gemu, ya kumtunzia vidole kwa saa nyingi, ile anayoimudu ndiyo yenye kelele kuliko zote, na nyumba anakoipeleka ndiyo yenye kuta nyembamba kuliko zote. Hakuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Mambo yamefika hapo hatua kwa hatua, kwa zaidi ya miaka 150.

Hatua ya kwanza ilikuwa Milwaukee, Marekani. Mwaka 1868 Christopher Latham Sholes na wenzake walipewa hataza ya mashine ya kuchapa, na mwaka 1874 kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa bunduki na cherehani, ikaanza kuiuza. Mpangilio wa herufi uliotulia katika miaka hiyo, ule unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, ndio tulio nao hadi leo. Katika mashine ile kidole kilikuwa injini. Ukibonyeza kitufe, mkono wa chuma uliruka na kuigonga karatasi kupitia utepe wa wino, na herufi ikawa nzito au hafifu kulingana na nguvu zako. Aliyetaka nakala tatu aliweka karatasi za kaboni katikati na kugonga kwa nguvu zaidi.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na mashine za kuchapa zilifuatana na ofisi za reli na za serikali. Kawangware haikuwa sehemu ya mji huo. Ilikuwa upande wa Dagoretti, katika ardhi iliyotengewa Wakikuyu, na haikuingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi hadi karibu na uhuru, mwaka 1963. Baada ya hapo watu walikuja kwa wingi kupanga vyumba, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya, maana kazi zilikuwa karibu. Ukivuka tu uko Lavington, na nyumba za Lavington zinahitaji mtunza bustani, mpishi na mlinzi. Kwa binti aliyemaliza kidato cha nne, kozi ya usekretari ilikuwa njia ya kuepuka jikoni kwa watu. Alilipia chuo cha mjini, akafundishwa kupiga chapa bila kutazama vidole, akafanya mtihani wa Pitman au wa baraza la mitihani la Kenya, KNEC, na cheti kikapima kasi yake kwa maneno ya dakika moja. Chumba cha wapiga chapa kilikuwa na kelele za kuzuia mazungumzo, lakini zilikuwa kelele zenye kazi: kila mlio ulimwambia mpigaji kwamba herufi imetua, na kengele ndogo ikamwonya kwamba mstari unakaribia kwisha.

Kompyuta zilipoingia maofisini, waundaji wake walikuta watu hao wamekwisha kuzoea kujibiwa na mashine. Kitufe kinachozama bila kusema lolote kilimfanya mpigaji atazame juu kila mara kuhakikisha. Mhandisi wa IBM, Richard Harris, alilijibu tatizo hilo kwa springi iliyosimama wima chini ya kila kitufe. Springi hiyo ikibanwa hadi kiwango fulani hujikunja ghafla kando, hugonga plastiki, tak!, na papo hapo herufi inapokewa. Kidole kinahisi na sikio linasikia kwa wakati mmoja. Hataza ilitoka mwaka 1978, na kompyuta binafsi ya IBM ilipozinduliwa Agosti 1981 ilikuja na kibodi ya aina hiyo. Iliyofuata mwaka 1985, Model M, ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi, na nyingine zinafanya kazi hadi leo.

Karibu wakati huohuo kampuni ya Cherry, iliyoanzishwa Illinois mwaka 1953 na baadaye kujikita Ujerumani, ilitoa swichi yake ya MX. Huu ndio ukoo unaotuhusu. Kila kitufe kina kijisanduku chake chenye mhimili wa plastiki, springi, na mabamba mawili membamba ya metali yanayogusana mhimili ukishuka. Umbo la mhimili ndilo linaloamua tabia. Mhimili ulionyooka hushuka laini mwanzo hadi mwisho. Wenye nundu humfanya mtu ahisi kizuizi kidogo njiani. Na wenye kipande cha pili kinachoruka hutoa mlio. Kampuni ilizitofautisha kwa rangi, na rangi hizo zimekuwa lugha ya biashara nzima: Black na Red ni laini, Brown ina nundu, Blue inalia.

Kisha kompyuta zikawa rahisi, na kibodi ya bei kubwa haikuwa na nafasi tena. Katika miaka ya 1990 viwanda vilihamia kwenye shuka tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya kati ina matundu, na juu yake kuna karatasi nzima ya mpira yenye vikombe vidogo, kimoja chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea na kuzigusanisha shuka. Ilikuwa kazi ya akili, wala siidharau: bei ilishuka sana na ofisi zikatulia. Lakini kitufe cha mpira kinataka kusukumwa hadi chini kabisa ndipo kisajili, na mpira huzeeka. Unapozeeka, vitufe viwili vilivyo jirani huwa na uzito tofauti, na vidole vinajifunza kugonga vyote kwa nguvu ya kile kigumu.

Kibodi za mpira ndizo zilizofika Kawangware. Ofisi na shule za Uingereza zilipobadilisha kompyuta zao, za zamani zilipakiwa kwenye makontena kuja Mombasa, na Nairobi ikazipa jina la eksi-yukei. Mwaka 2002 lilianzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, ambalo lilizikarabati kompyuta zilizotumika na kuzisambaza shuleni. Nyingine nyingi ziliingia madukani na kwenye saiba: Dell, HP na Compaq, zenye skrini nene za kioo na kibodi za rangi ya maziwa yaliyochacha.

Kibodi hizo zilikuja na kitendawili kilichomsumbua kila mgeni wa saiba. Kwenye kibodi ya Uingereza alama ya @ imechapishwa karibu na kitufe cha Enter, na juu ya 2 kuna alama za kunukuu. Windows, hata hivyo, mara nyingi iliwekwa kwa mpangilio wa Marekani, ambao hugeuza hayo mawili. Mtu aliyekuja kufungua barua pepe kwa mara ya kwanza aliibonyeza @ aliyoiona kwa macho yake, zikatokea alama za kunukuu, akarudia, zikatokea tena, na dakika zake zilikuwa zinakwenda. Mhudumu alisema kutoka kwenye meza yake bila kunyanyuka, "Bonyeza Shift na mbili, mama." Nadhani vidole vya Nairobi ndivyo vilivyojifunza mapema kutoamini kilichoandikwa kwenye kitufe.

Bei ilianza juu, ikashuka hadi shilingi moja kwa dakika, na wengine wakateremka hadi senti hamsini. Saiba ikawa ofisi ya mtaa. Humo watu walichapisha wasifu wao na kutafuta matokeo ya mitihani. Baadaye, mamlaka ya kodi, KRA, ilipohamishia marejesho ya kodi kwenye iTax, foleni za mwisho wa Juni zikatoka hadi nje. Na baada ya kidato cha nne, kila aliyeweza alijiandikisha kusoma pakeji, yaani Windows, Word, Excel na ndugu zake, katika chuo cha chumba kimoja juu ya duka la dawa au la nguo.

Katika vyuo hivyo mwalimu wa vidole alikuwa Mavis Beacon. Programu hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1987 na kampuni ya Software Toolworks, na mwanamke mweusi nadhifu aliyekuwa kwenye kasha lake aliaminiwa na wanafunzi wengi kuwa mwalimu wa kweli. Mavis Beacon hakuwahi kuwepo. Aliyepigwa picha ni Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti, aliyekuwa akiuza manukato katika duka la Beverly Hills waundaji wa programu walipomwona. Ndani ya masomo yake kulikuwa na mashindano ya magari: kadiri ulivyochapa haraka bila kukosea ndivyo gari lako lilivyokimbia, na ukikosea, mdudu alipasuka kwenye kioo cha mbele. Kwa vijana wengi wa mitaa hii hilo ndilo lililokuwa gemu la kwanza la kibodi, na ninaliheshimu kwa sababu liliwafundisha kuweka vidole vyote kumi mahali pake kabla ya gemu zenyewe kuja kuviharibu.

Zikaja. Grand Theft Auto: Vice City ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2003, ikanakiliwa kutoka diski hadi diski mpaka ikawa vigumu kupata kompyuta ya saiba isiyokuwa nayo. Ndani yake kulikuwa na maneno ya siri. Ukiandika PANZER katikati ya mchezo, kifaru cha kivita kinaanguka mbele yako. Ukiandika ASPIRINE, afya yako inarudi. Maneno hayo hayakuandikwa mahali popote kwenye skrini, na hukuyaona ukiyachapa, kwa hiyo ilibidi uyachape bila kukosea, haraka, huku polisi wanakufuata. Watoto walibeba orodha zilizonakiliwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, zimekunjwa hadi zikachanika. Mtoto ambaye mwalimu wa Kiingereza alikuwa amemkatia tamaa aliweza kuandika LEAVEMEALONE bila kutazama. Zikafuata Need for Speed na Counter-Strike, na katika gemu hizi mkono wa kushoto ulipata makao yake kwenye W, A, S na D.

Hata herufi hizo nne zina historia. Gemu za mwanzo ziliendeshwa kwa vitufe vya mishale, upande wa kulia. Kipanya kilipoanza kutumika kulenga shabaha, mkono wa kulia ukawa na kazi nyingine, na wachezaji wakajaribu mahali mbalimbali pa kuuweka wa kushoto. Mwaka 1997 kijana wa California, Dennis Fong, aliyecheza kwa jina la Thresh, alishinda mashindano ya Quake ya Marekani na kutuzwa gari aina ya Ferrari la John Carmack, mmoja wa waundaji wa gemu hilo. Thresh alitumia WASD. Watu waliiga, waundaji wa gemu wakaifanya kuwa desturi, na ndiyo maana plastiki ya saiba ya Naivasha Road imelika pale ilipolika.

Uchumi wa saiba ulileta shida nyingine, kwa kuwa dakika zilikuwa za kulipia na marafiki walikuwa wawili. Walichangia kompyuta moja na kibodi moja: mmoja alikaa upande wa mishale, mwingine upande wa WASD, na FIFA au gemu la kupigana likachezwa bega kwa bega. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, "Umenibonyezea!" na mwenzake anaapa hakugusa. Mara nyingi wote wawili walikuwa wakisema kweli. Ndani ya shuka za kibodi ya mpira njia za umeme zimepangwa kama mistari ya daftari la hesabu, nyingine za wima na nyingine za mlalo, na kila kitufe ni makutano ya mistari miwili. Vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili mmoja vikibonyezwa pamoja, umeme hupata njia ya kuzunguka, na kibodi haiwezi kujua kama pembe ya nne imebonyezwa au la. Waundaji waliamua kwamba ni afadhali kukizuia kitufe cha tatu. Kwa mtu anayeandika barua uamuzi huo haudhuru, maana hakuna neno linalohitaji vitufe vitatu kwa mpigo. Kwa watoto wawili wanaokimbia na kupiga shuti kwa wakati mmoja, shuti lilipotea. Dawa yake inajulikana tangu zamani: kuweka diodi moja kwenye kila kitufe ili umeme uende upande mmoja tu. Kibodi ya mekanika inakubali dawa hiyo kwa urahisi, kwa kuwa kila swichi ina makazi yake.

Hadi mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Kila amri ilipanda na kushuka safari hiyo, na jibu likarudi baada ya nusu sekunde au zaidi. Barua pepe haikujali. Gemu la risasi lilikuwa haliwezekani. Juni mwaka huo Rais Mwai Kibaki aliupokea ufukweni Mombasa mkonga wa chini ya bahari uitwao TEAMS, na Julai mkonga wa SEACOM ukaanza kazi. Haikuwa mara moja kwamba Kawangware iliuona mwanga wake, lakini katika nusu ya pili ya mwongo uliofuata kampuni kama Poa! Internet zilikuwa zikipeleka huduma ya bei nafuu katika mitaa kama Kibera na Kawangware, na kijana angeweza kupambana na wenzake kupitia seva za Johannesburg au Dubai akiwa chumbani kwake. Kuanzia hapo kitufe kilichochelewa kilianza kuwa na gharama.

Mwaka uliofuata mikonga, 2010, kampuni ya Razer ilitoa kibodi ya gemu iitwayo BlackWidow. Ilikuwa na swichi za Cherry, na aina waliyoichagua ilikuwa Blue, ile inayolia. Naona hapo ndipo mambo yalipopinda. Blue ilitokana na haja ya mpiga chapa, yule sekretari aliyetaka kusikia herufi ikitua. Kwa mchezaji hata ina kasoro: mahali inapoachia ni juu kuliko mahali inaposajili, kwa hiyo kubonyeza mara mbili haraka kunahitaji kidole kinyanyuke zaidi. Lakini ndiyo iliyosikika kwenye video na kwenye mashindano, na mlio wake ukawa sauti ya gemu kwa watu ambao hawajawahi kuigusa.

Kufikia mwaka 2014 hivi hataza kuu za swichi ya Cherry zilikuwa zimekwisha. Viwanda vya mkoa wa Guangdong, China, vilikuwa tayari: Kailh, Gateron, Outemu. Walitengeneza swichi zenye umbo lilelile na rangi zilezile kwa sehemu ndogo ya bei, na kwa kibodi za bei ya chini kabisa walijaza Blue, kwa sababu ndiyo iliyojulikana na ndiyo mnunuzi aliyoitarajia. Jumia ilikuwa imefungua Kenya mwaka 2013 na Kilimall ikafuata 2014, na kibodi hizo zikaanza kuagizwa kwa simu, zikiwa na taa za rangi saba chini ya vitufe. Luthuli Avenue, ambako Nairobi hununua redio, spika na nyaya, nako zikapangwa kwenye vioo.

Sasa ipeleke nyumbani. Chumba cha kupanga Kawangware mara nyingi ni mabati kwa mabati, au mbao na mabati, na ukuta mmoja unawahudumia wapangaji wawili. Gemu huchezwa usiku, kwa kuwa mchana kuna kazi na usiku bando ni nafuu. Swichi ya Blue hutoa mlio mkali wa juu kila inaposhuka, na mabati huupokea na kuukuza. Anayelala upande wa pili ana zamu ya asubuhi Lavington na ataondoka saa kumi na moja alfajiri. Kunagongwa ukutani, na sauti ya mtu mzima inasema, "Kijana, tulale sasa." Nami niko upande wa aliyegonga, ingawa namwelewa pia aliyenunua: alichagua kile kilichokuwepo.

Hali hii ilibana zaidi mwaka 2020, wakati wa korona. Shule zilifungwa katikati ya Machi, amri ya kutotoka usiku ikaanza tarehe 27 ya mwezi huohuo, na familia nzima ikawa chumbani. Kompyuta iliyokuwa ya gemu ilikuwa pia ya kazi, maana mitaa hii ina vijana wengi wanaoandikia wateja wa ng'ambo makala au kunakili mazungumzo kutoka kwenye sauti, maneno maelfu kwa usiku mmoja. Kibodi moja ikabeba zamu mbili, na suala la vidole likawa la riziki.

Basi, ni swichi gani? Chukua moja uifungue. Sanduku lake hushikwa na vishikizo vinne vidogo. Ukivibana kwa kibano, kifuniko kinatoka, na mhimili unanyanyuka pamoja na springi fupi isiyozidi upana wa ukucha. Tazama ubavu wa mhimili upande wa mabamba ya metali. Ukiwa umenyooka, hiyo ni laini. Ukiwa na nundu, ni ya Brown. Ukiwa na kola nyeupe inayocheza juu na chini, umepata chanzo cha mlio wa Blue. Mwendo wote ni milimita 4, na herufi husajili karibu milimita 2, nusu ya njia. Hapo ndipo pumziko la vidole lilipo: tofauti na mpira, huhitaji kufika chini.

Uzito nao unapimika nyumbani. Wapenzi wa kibodi Marekani hupanga sarafu juu ya kitufe hadi kishuke. Sarafu yetu ya shilingi moja, ile ya twiga iliyotolewa Desemba 2018, ina uzito wa gramu 5 na nusu hivi. Swichi ya Red, iliyotoka mwaka 2008, hukubali kwa takriban gramu 45, yaani rundo la sarafu 8 au 9. Black hudai 60, yaani 11. Red humfaa mchezaji, kwa kuwa W hushikiliwa dakika nzima na kidole kisichoke, ila anayepumzisha vidole vizito juu yake ataandika herufi asizozikusudia. Brown ni ya zamu mbili: nundu yake inamwongoza mwandishi, na haina mlio. Kwa chumba cha mabati mimi ningependekeza Red iliyozibwa kwa mpira ndani ya mhimili, inayouzwa kama ya kimya, na kama bei hairuhusu, basi Brown. Vile vipete vya mpira vinavyovishwa chini ya vifuniko vya vitufe hupunguza kishindo cha chini tu. Mlio wa Blue haviugusi.

Mengine hayahitaji pesa. Kibodi ya mekanika ni ndefu kwenda juu, na wengi huinua tena miguu yake ya nyuma, kiganja kikapinda kama cha anayesukuma mlango. Ikunje hiyo miguu. Asiye na meza huiweka kwenye kitanda au magotini. Leso iliyokunjwa mbele yake huinua kiganja, na nyingine chini yake hunyonya mtikisiko. Vumbi ni adui wa kweli, na kiangazi cha Kawangware kinalo, kwa hiyo aina za Kailh zilizojengewa kuta za mraba kuzunguka mhimili zina maana hapa kuliko huko zilikobuniwa. Na kibodi ambayo swichi zake huchomolewa na kuchomekwa bila kuchomelewa ni ununuzi wa busara hata ikija na Blue: uvumilie mwezi mmoja, kisha ununue pakiti ya swichi nyingine uzibadilishe mwenyewe.

Ni kweli kwamba wachezaji wengi wa mitaa hii hawagusi kibodi kabisa. Hucheza kwenye simu, au hulipia mechi kwenye vibanda vya PlayStation, na majina yaliyovuma yametoka huko: Sylvia Gathoni, anayecheza kwa jina la QueenArrow, kwa uhodari wake wa Tekken, na Brian Diang'a, aliyekulia Kibera, kwa Mortal Kombat. Wa kibodi ni wachache, lakini ndio ambao mkono uleule unaocheza usiku hutafuta unga mchana.

Na swichi bado zinabadilika. Zinazogombaniwa sasa hutumia sumaku: mhimili unabeba kipande cha sumaku, na kihisi chini yake hupima umbali kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Honeywell ilikuwa na kibodi ya namna hiyo mwaka 1968, lakini ni Apex Pro ya SteelSeries, mwaka 2019, na baadaye kibodi za Wooting ya Uholanzi, zilizoirudisha kwa ajili ya gemu. Sifa wanayoililia wachezaji ni kasi, hadi Agosti 2024 kampuni ya Valve ikapiga marufuku katika Counter-Strike 2 baadhi ya mbinu ambazo kibodi hizi zilikuwa zikimfanyia mchezaji. Mimi nazitazama kwa sababu nyingine. Hazina mabamba ya kugusana ambayo vumbi litayala, na karibu zote hushuka laini bila mlio. Viwanda vya China vimekwisha kuanza kuziuza kwa bei inayoelekea ile ya Blue. Ukikuta kibodi kama hiyo Luthuli na muuzaji akakuapia kwamba ni ya sumaku, mwombe achomoe swichi moja, kisha isogezee pini ya nguo. Isipoivuta pini, mrudishie.